Mzigo Wetu

Jumatatu, 6 Juni 1977

Salamu kwanza. Mwalimu wa kisomo alitufundisha kuandika kwa barua, sasa hata daftari hili ambalo hasomi mtu siwezi kulianza kavu. Atupele mwanangu, uko chuoni Iringa, hujambo. Bibi yako, mama mkwe wangu, hajambo, masikio tu ndiyo yanazidi kuziba, kumwita kula mpaka nimguse bega. Mbuzi hajambo, na mwanawe. Baba Atupele, wewe ulitangulia, lala salama. Mimi sijambo, ila baridi ya Mbeya mwaka huu inaingia kwenye mifupa.

Nimeanika maharage. Nimechota maji. Mama Sekela amekuja kuchukua ufunguo wa sanduku la posta. Huyu ni jirani wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyelala kwangu msiba wote. Sanduku lilikuwa la marehemu mume wangu, sasa sahihi ni yangu. Mtaa mzima wanaandikiwa kwa namba hiyo. Ufunguo unaazimwa nyumba kwa nyumba kama kinu. Sokoni wananiita Mama Posta. Napenda. Wakija kuuliza barua wanakaa kidogo, tunaongea.

Alhamisi, 9 Juni

Barua ya Atupele bado.

Mama Sekela amerudisha ufunguo na kadi ya posta. Kuna mzigo kutoka kwa kaka yake, Ambele, yule aliyeko Chunya machimboni. Posta hawampi, wanamtaka mwenye sahihi. Nitakwenda kesho, nikishamwogesha bibi.

Ijumaa, 10 Juni

Herufi zinakimbia.

Karani wa dirishani aliuliza, "Mama, mzigo huu wa nani?" Nikasema, "Wetu." Kopo la maziwa ya unga, limeshonewa kitambaa cheupe. Kumbe askari yuko nyuma ya mlango. Wakalifungua mbele yangu. Juu maziwa. Chini dhahabu. Vumbi la dhahabu lenyewe, la kuchimbwa.

Askari akasema, "Mzigo wenu. Wewe na nani?"

Mwe! Mimi nimesema wetu kama ninavyosema nyumba yetu, na humo naishi na kikongwe mmoja. Sisi tulivyolelewa, mtu hasemi changu, changu. Ukisema mbuzi wangu mbele ya mama mkwe, atakuuliza, ulikuja naye ulipoolewa? Na mzigo wa jirani unausukumaje mbele za watu, useme siujui? Nimemweleza yote hayo. Hakuandika maelezo. Ameandika neno moja. Wetu.

Jina la Mama Sekela sikulitoa. Nilisema tu ni wa mtu wa mtaani. Wakacheka. Kushika dhahabu bila leseni ni kosa, wamesema, na sanduku lina sahihi yangu, kinachopitia humo ni changu mpaka nionyeshe ni cha nani. Mzee wa kanisa amenidhamini. Jumatatu nirudi.

Jumamosi, 11 Juni

Mama Sekela ameingia kwa mlango wa jikoni.

"Mwenzangu, ukinitaja umeniua. Wewe mjane, watakuhurumia."

"Mjane hafungwi?"

Nikamwuliza kama alijua kilichomo. Akachukua mwiko akaanza kukoroga mboga yangu. Nimemkasirikia sana. Nimemwekea chai, akanywa, akaondoka.

Jumapili, 12 Juni

Sikwenda kanisani. Naona aibu.

Nikifungwa, bibi atalishwa na nani? Na chuo kitamweka Atupele ambaye mama yake yuko gerezani? Sijui sheria. Hakuna wa kumwuliza. Nilimweleza bibi yote, akasema ndiyo, maharage yamekauka.

Jumatatu, 13 Juni

Nimesema.

Leo alikuwepo mkubwa wao, mtu mzima, mpole. Nikamwambia, mzigo si wetu. Ni wa Ambele, kaka wa Mama Sekela jirani yangu. Mimi nina sanduku tu. Nimekaa miaka na yule mama, leo nimemkata kwa maneno mawili, si wetu.

Akasema, "Ndugu, ungesema hivi Ijumaa. Ulipotia sahihi posta, ulikubali ufunguo usitoke mkononi mwako."

"Baba, mtaa mzima hauna sanduku lingine."

"Basi hata mtu yeyote wa mtaa angeleta bangi, ningekujia wewe."

Sahihi ile niliitia kwa furaha. Ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kuandika jina langu. Juu yake palikuwa na maneno mengi. Sikuyasoma.

Alhamisi, 23 Juni

Ambele amekamatwa hukohuko Chunya. Amekiri. Mama Sekela walimweka ndani siku chache, amerudi. Mimi sishtakiwi, nitaitwa kuwa shahidi. Posta wamechukua ufunguo, sanduku wamelifunga.

Nashukuru Mungu. Lakini sina raha.

Bombani nilikuta wanawake. Mmoja akasema, "Mpisheni Mama Dhahabu, ndoo yake nzito." Wakacheka. Mama Sekela hakucheka. Aliondoka na ndoo nusu.

Jumatano, 29 Juni

Hakuna aliyebisha hodi.

Jumanne, 5 Julai

Niko Iringa. Bibi nimemwachia mke wa mzee wa kanisa. Basi lilisimama Makambako, upepo wa pale unakata masikio. Nilikuja kumwambia Atupele asiandike tena kwa namba ile. Tumekaa ukingoni mwa soko, mji wote uko chini yetu. Amenenepa. Alisikiliza, akacheka kidogo ile ya "wetu," halafu akalia.

"Sasa mama, nikuandikie wapi?"

Sikuwa na namba ya kumpa.

Jumapili, 10 Julai

Nimerudi. Bibi mzima. Leo nimekwenda kanisani. Baada ya ibada mchungaji aliniita pembeni, akasema namba ya kanisa ipo, Atupele aandike kwa hiyo. Nikasema ndaga, baba, asante. Nikakataa. Hakunielewa. Anadhani nimekasirika. Sikukasirika. Ni kwamba sasa najua mtu anapewa nini akipewa namba: anapewa sahihi ya mwingine, na kosa likitokea linamwangukia mwenye sahihi.

Nitaomba sanduku langu upya. Wanasema ningoje, pengine mwaka.

Jioni kimya. Upande wa pili wa ukuta nasikia Mama Sekela anatwanga.

Atupele, najua daftari hili hulisomi. Nasema tu. Ukimpata mtu anakuja Mbeya, mwalimu, dereva wa lori, yeyote, mpe neno moja aniletee kwa mdomo, kwamba u mzima. Lisikae, mwanangu. Upesi.