Mama, Kesi Imeisha Kajiado

Mama,

Jana hakimu alisoma uamuzi. Nimeona wewe uwe wa kwanza kuambiwa.

Ulikuwa unaipenda sana hiyo hospitali ya misheni. Mapazia ya wodi ya akina mama uliyashona wewe, bure, pale kibandani kwako Noonkopir. Ulisema, "Walinizalisha watoto watatu bila kuniuliza niko na pesa ngapi." Ndiyo maana nilichelewa kushtaki. Mjomba Musyoka alinikemea mbele ya watu wa kanisa: "Hao wanatibu maskini bure, wewe unawapeleka kortini? Kweli asante ya punda ni mateke." Nililia, Mama.

Lakini siku ile ya sindano nilikuwepo. Ulimwambia nesi mwenyewe kwamba mwili wako unakataa penisilini. Ilikuwa imeandikwa kwenye faili. Hakuifungua. Akakudunga. Ukanishika mkono, ukasema, "Mwende, kifua." Halafu ukatutoka... hata leo siwezi kuandika yote.

Wakili wao alisema hospitali ya kusaidia watu isihukumiwe kama ya biashara. Hakimu akavua miwani, akasema, "Mgonjwa asiyelipa ni mgonjwa pia. Ukikubali kumtibu, umekubali kumtibu kwa uangalifu." Wakapatikana na hatia ya uzembe. Tulipotoka nje, Mjomba alinishika bega. "Umemsemea dada yangu," akasema.

Yule nesi alikuwa amesimama langoni. Aliniambia siku hiyo alikuwa peke yake na wodi nzima. "Lakini faili ningefungua," akasema, akaanza kulia. Sikuwa nimepanga kumsamehe, Mama. Nilijikuta tu nimemkumbatia.

Tangu kesi ianze, pale hospitalini wamebadilika. Wiki jana Kasyoka wangu alishikwa na homa, nikampeleka huko huko. Ndiyo, huko. Kabla ya sindano nesi mwingine aliuliza, "Kuna dawa inayomdhuru?" Akasoma faili, akauliza tena, akangoja nijibu. Mtoto sasa anakimbiza kuku wa jirani.

Na kuna jambo lingine. Wameniomba niketi kwenye kamati ya kusikiza malalamiko ya wagonjwa. Nimekubali, naanza Jumatatu. Nakuahidi nitawasikiza wote mpaka mwisho, hata wale wazee ambao ukiwauliza wanaumwa wapi, wanaanza na mwaka wa njaa.

Pumzika sasa, Mama. Tuko sawa.

Mwende wako