Perege Hawataki Haraka

Marahaba Sudi, mjukuu wangu, mume wangu.

"Samaki wa maji baridi ukimtia kwenye maji ya bahari atakufa tu." Ndivyo anavyosema rafiki yako Joeli, nawe umeniuliza kabla hujawahamishia perege wako kwenye tangi la kioo la maji chumvi hapo chuoni. Mwambie bibi yako wa Bweni amekataa. Sisi hatujambo. Shangazi yako kajifungua msichana, na kwa kelele ananishinda hata mimi.

Nilipokuwa msichana nilileta perege wanne kutoka bwawa la Baleni, nikawamwaga kwenye pipa la maji ya bahari. Adhuhuri haijafika, wote wakaelea. Mama mkubwa akacheka: "Chumvi umeshawatia, bado kuwakaanga."

Kisha akanionyesha kisima chetu, tulimofuga perege ili wale viluwiluwi vya mbu. Kila bamvua, bahari inapojaa sana, kisima kile kiliingia chumvi polepole, na perege wake hawakufa. Nikachukua wengine kule bwawani, nikawaweka kwenye maji waliyotoka nayo, nikawa nawaongezea kata moja ya maji ya bahari kila siku. Mwishowe waliishi kwenye maji ya bahari matupu, wakanenepa. Wale wa kwanza nilikuwa nimewaita dhaifu. Kumbe haraka ilikuwa yangu.

Basi nyinyi wawili, msiwamwage kwa mkupuo. Sudi, anza na kikombe kimoja cha maji chumvi kwa siku. Na wewe Joeli, uliyekwisha kuwazika, shika zamu ya kuwalisha.

Bibi yako