Tangi Linanukia Limau

Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi, na mimi nina hasira. Mtu asiniambie nitulie.

Kuna plot moja ya nyumba za kupanga huko Mutuini, yenye taa ndogo juu ya mlango wa choo. Haitumii stima ya kawaida. Maji machafu ya wapangaji huingia kwenye tangi, bakteria hula ule uchafu, na katika kula kwao hutoa umeme kidogo unaowekwa kwenye betri mpaka jioni. Mimi ndiye ninayelitunza tangi. Kazi yenyewe hasa ni kuwaacha bakteria wale uchafu wao kwa amani.

Mkurugenzi wetu anakaa Westlands, kwenye ofisi yenye viyoyozi, na kila mkutano huwaita bakteria hao "wafanyakazi wetu bora". Hajawahi kuwakaribia.

Leo alikuwa analeta wageni. Na mnatujua sisi na wageni, hata ukuta wa nyuma lazima uoshwe. Jana akatuma watu wa usafi. Wakasugua choo, wakasugua korido, kisha, kwa amri yake mwenyewe kwa simu, wakamwaga dawa ya kuua viini ndani ya tangi. Eti lisinuke.

Viini vikafa. Alitarajia nini?

Nilipofika, tangi lilikuwa linanukia limau na betri ilikuwa tupu. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka. Mkurugenzi akafika na wageni wake, akabonyeza swichi, taa haikuwaka. Akamgeukia Mama Shiro, mpangaji anayeweka ufunguo wa choo.

"Mama, mmemwaga nini humu? Si tuliwafunza?"

Mbele ya wageni! Mama Shiro, ambaye mama yake mzee alikuwa ameacha kunywa chai ya jioni ili asilazimike kwenda chooni gizani, na aliyeanza tena kuinywa taa ilipowaka.

"Boss, ni wewe," nikasema. "Ni ile dawa ya jana."

Mama Shiro akaangalia chini, akificha kicheko. Mkubwa hakuficha hasira yake. Kwenye gari aliniamuru nichaji betri nyumbani, niiunganishe kesho picha zipigwe, halafu nimwombe radhi. Mtu mzima na tai yake, anataka kupigwa picha na uongo.

Radhi hapati. Kesho naenda Mutuini na ndoo ya tope jeusi lenye bakteria hai kutoka shimo la choo la jirani, nianze kuwalea upya. Itachukua wiki kadhaa.

Betri nitaichaji, ndiyo. Nitaiunganisha jioni, wenye kamera wakishaondoka, na nitamwambia Mama Shiro wazi kwamba stima hiyo ni ya kuazima, si ya tangi.

Yule bibi mzee anywe chai yake.