Chumba cha Peke Yake

Jumatatu, 3 Machi
Redio imenichefua kabla ya chai. Kamanda wangu wa zamani anahojiwa: eti kiongozi wa waasi aliuawa "akijaribu kutoroka". Atoroke! Tulimvua viatu na mkanda, tukamfunga mikono nyuma. Alijisalimisha mchana kweupe, kikosi kizima kikiona. Mtu akishaweka silaha chini ni mateka. Awe jemadari, awe mpishi, haguswi. Akituhumiwa, mahakama ipo. Mimi ndiye niliyewafundisha askari hayo. Mwanasheria wa jeshi — cheo kikubwa, meno hakuna.

Binti yangu kaizima redio. Baba, utakufa na hasira. Kufa nitakufa tu, mama. Afadhali na hasira kuliko na uongo.

Jumatano, 5 Machi
Kikohozi kutwa. Tume inayochunguza kifo kile imepiga simu: wakili wao atakuja kunirekodi Ijumaa. Binti kakubali shingo upande.

Niseme hapa kwanza. Kanuni zilitaka viongozi watengwe na askari wao. Yule kiongozi wa waasi alinisihi: niache na vijana wangu, hapa kuna macho mengi. Nikamjibu kisomi: chumba cha peke yako ni haki yako, mzee. Haki! Nilimtenga na mashahidi wake, nikamfungia mahali panapofaa kuulia mtu. Asubuhi, maiti. Na kitabuni sikukosea hata nukta.

Alhamisi, 6 Machi
Kamanda kaja kunijulia hali. Na machungwa! Kakaa kitandani pangu kama ndugu wa tumbo moja.

"Hujafa tu wewe?"

"Nakusubiri utangulie, afande. Cheo ni cheo."

Tukacheka. Nami nilicheka — nafsi yangu, haya huna? Kisha akashusha sauti: marehemu hana kesi, ila walio hai wana watoto. Akamtazama binti yangu akipita na beseni. Mwanangu! Ndani ya nyumba yangu! Machungwa nimeyatupa yote jalalani.

Ijumaa, 7 Machi
Wakili kafika, mama mmoja mpole mwenye macho makali. Na kamanda naye huyo, kajibwaga kwenye kochi. Kaombwa atoke, kagoma: niko kwa rafiki yangu, nitoke niende wapi? Basi nikasema usoni pake. Yule mtu alikuwa hai. Alikuwa amefungwa. Hakukimbia.

Kamanda hata hakukasirika. Kamwambia wakili: muulize vizuri, mama, mlango ulikuwa na kufuli. Nani alifungua?

Binti yangu kageuka kunitazama. Sijawahi kumwambia.

Nimeomba nafasi ya kumeza dawa. Niko chumbani, naandika.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Usiku ule kamanda hakunitishia, hakunipa hata amri. Alinyoosha kiganja tu, nami nikampa — kwa adabu, mikono miwili.

Binti anagonga. Baba, umeshameza?