Nafasi Moja Ubavuni pa Bibi

Malindi, Jumamosi, 16 Agosti

Mawingu tangu asubuhi, na upepo wa kusi umepeperusha kila kitu ambacho hakikufungwa. Nimejiahidi kwamba leo nitaandika yote, pamoja na yale yatakayonifanya nionekane mbaya. Nikianza kuchagua maneno mazuri, najua nitadanganya.

Nina wivu.

Sentensi hiyo nimeiacha peke yake ili nisipate pa kuificha.

Ninayemwonea wivu ni Mwende, rafiki yangu tunayekaa dawati moja. Walihamia mtaani kwetu mwaka jana kutoka Kitui, baba yake alipopata kazi ya fundi umeme hotelini. Mimi ndiye niliyemleta nyumbani mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia, njoo umwone Bibi yangu akisuka. Hakuna wa kumlaumu.

Bibi amezaliwa visiwani kaskazini, na tangu nimjue kazi yake ni miyaa, yale majani makavu ya mkoma. Anaichana, anaitia rangi, anasuka ukili, yaani ule utepe mrefu unaoshonwa safu kwa safu mpaka uwe mkeka. Anasuka pia kawa za kufunikia vyakula. Siku ile Mwende alimwamkia shikamoo, akaketi, akaomba ajaribu. Kwao alifundishwa na bibi yake kusuka vyondo, vikapu vya Kikamba, kwa hiyo vidole vyake havikuwa vigeni kabisa. Bibi akamvuta ubavuni, bega kwa bega, akamshika mikono yote miwili na kuiongoza. Alasiri ilipoadhiniwa, Mwende alikuwa na ukili wa kwake, mfupi lakini umenyooka. Akamshukuru Bibi na kumwita "Susu", kama waitavyo bibi kwao. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya leso. Siku hizi Mwende akisahau kumwita hivyo, Bibi hununa.

Mimi Bibi hajawahi kunishika mikono namna ile.

Mimi ni wa shoto. Kula nilifundishwa kula kwa mkono wa kulia, na hilo halikuwa na mjadala. Kwenye miyaa Bibi aliniachia. Alisema mkono wa kula ni wa kula, na wa kusuka ni wa kusuka. Lakini ubavuni pake hatuwezi kukaa wawili, viwiko vinagongana. Basi tangu nikiwa mdogo alinikalisha mbele yake, uso kwa uso, nimfuate kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Kulia kwake ndiko kushoto kwangu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza.

Na kwa sababu hiyo ukili wangu umelala upande wa pili. Michirizi ya rangi kwenye ukili wa Bibi hupanda kwenda kulia, na kwenye wangu hupanda kwenda kushoto. Ukiushona wangu na wake, mkeka unakuwa kama watu waliogombana wakapeana migongo. Ukiugeuza wangu ili ufanane, ncha za miyaa zilizofichwa chini zinatokea juu na kukuchoma. Kwa hiyo ukili wangu hutengenezewa vikapu vidogo, peke yake. Wa Mwende umeshonwa ndani ya mkeka mkubwa wa Bibi. Huwezi kujua ni wapi Bibi amekoma na Mwende ameanza.

Mimi najua. Nimeutazama mno mkeka ule.

Leo lilikuwa soko la mafundi wa pwani yetu, katika uwanja wa shule ya msingi. Walikuja wafinyanzi kutoka Adu, akina mama washona kofia na sindano zao, na mzee mmoja wa Kilifi anayeshona makubadhi ya ngozi. Waandaaji walitaka kila fundi aketi na mwanafunzi wake, wafanye kazi watu wakiona. Mwanafunzi mmoja tu, maana nafasi ni ndogo.

Nililala na kuamka na hiyo nafasi moja wiki nzima. Halafu Alhamisi Bibi akasema, huku akitafuta miwani yake, kama mtu anayesema jambo dogo:

"Mwende atakaa na mimi tuusogeze mkeka. Wewe Salma utauza. Wewe una maneno."

"Haya, Bibi," nilisema, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mama Rukia, jirani yetu, alikuwa uani akisikia yote. Hakuweza kuniacha. "Weee Salma! Umeletewa mke mwenza! Yeye kapewa mkeka, wewe umepewa jiko!"

Wote waliokuwa uani walicheka. Mwende naye alicheka. Mimi pia nilicheka, na mashavu yaliniuma kwa jinsi nilivyoyalazimisha.

Asubuhi ya leo nilipanga kawa na vikapu juu ya meza, nyuma kidogo ya Bibi na Mwende. Sikuuza chochote. Maneno yote niliyosifiwa yalikuwa yamekauka. Nilikuwa natazama migongo yao miwili, namna inavyoyumba pamoja wanapovuta miyaa. Kisha akaja mama mmoja na mabinti zake, wamevaa vizuri, wamesema wametoka Kikambala. Akainama, akatazama mikono ya Bibi, akatazama ya Mwende.

"Mashallah! Mikono imefanana! Bibi, huyu ndiye mjukuu wako?"

Bibi hata hakuinua macho. "Ndiye," akasema.

Ndiye.

Niliiweka chini kawa niliyokuwa nimeshika. Nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Si mjukuu wake. Mjukuu wake ni mimi. Huyo ni mtu wa bara tu."

Mzee wa makubadhi akasimamisha nyundo. Yule mama akawashika mabinti zake mikono, kama vile nimemwaga kitu cha moto. Nilitaka mtu mwingine awe ndiye aliyesema, lakini wote walikuwa wananitazama mimi.

Mwende aliuweka ukili wake juu ya mkeka, taratibu, usifumuke. Akasimama, akakung'uta sketi.

"Si ungeniambia tu, Salma," akasema. "Ningehama kitambo."

Akanipita, akaenda nyuma ya meza, akaanza kuzipanga upya kawa nilizozipanga vibaya.

Nikaenda nikakaa pale alipotoka Mwende. Pahali pake pamekuwa pangu, ubavuni, bega kwa bega, watu wakiona. Mkeka ulikuwa bado na joto lake.

Nikaushika ukili wa Mwende niuendeleze, na mkono ukakataa. Kila nilipokunja, miyaa ilitaka kurudi ilikotoka. Nikajaribu kwa mkono wa kulia. Ikanikwama, ikateleza, ikafumuka. Kiwiko changu kikampiga Bibi. Nikajisogeza, kikampiga tena. Mtoto mmoja wa yule mama wa Kikambala akauliza kwa sauti kubwa, "Mama, mbona huyu hajui?"

"Anajua," Bibi akajibu. "Ila leo amekuja kunivunja mbavu."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Bibi akauchukua ukili kutoka mkononi mwangu, akaniambia polepole, "Nenda pale pako, mwanangu."

Pale pangu napajua. Nikahamia mbele yake, uso kwa uso, na mgongo wangu nikawapa watu. Nikachukua miyaa mipya, nikaanza ukili wa kwangu, unaopanda kwenda kushoto. Kwa wageni waliopita nilikuwa mtandio tu. Wote waliopiga picha wameenda nyumbani na picha ya Bibi, na kisogo changu.

Na nyuma ya Bibi nilimsikia Mwende akiuza. "Mama, beba kawa! Ukifunikia wali wako na hii, inzi atabaki nje akibisha hodi!" Watu walikuwa wanacheka, wananunua, wanaita wengine. Kumbe maneno nayo anayo. Wivu ukaniuma upya, na mara hii sikuwa na haki hata kidogo.

Baadaye akaja kijana na simu yake kubwa, akamsogezea Bibi karibu kabisa na uso. "Bibi, cheka kidogo. Bibi, tazama huku. Bibi, inua mkono." Bibi akaweka ule uso wake wa wageni, mzito, wa heshima, usioonyesha kitu. Kisha, kijana alipoinama kutazama picha zake, Bibi akanitazama mimi, akanitolea ncha ya ulimi, akaurudisha. Uso ukawa mzito tena.

Nilizuia kicheko mpaka machozi yakanitoka. Hilo Bibi amelifanya tangu nikiwa mdogo, kila mgeni akikaa kupita kiasi. Nilikuwa nimelizoea hata sikulihesabu kuwa ni kitu.

Soko lilipokwisha, baba yake Mwende alikuja kumchukua kwa pikipiki. Mwende alimuaga Bibi. Mimi hakuniaga, nami sikumwita. Ningemwita nimwambie nini mbele ya baba yake?

Tukiwa njiani nilimuuliza Bibi kwa nini alisema ndiye.

"Mtoto anakuja ananiamkia, anakula kwangu, ananitungia uzi kwenye sindano," akasema. "Nimwite nani? Mpangaji?"

Tukatembea kidogo. Nilidhani yamekwisha.

"Na wewe," Bibi akaniuliza, "leo umemwita nani?"

Nimekuja kujibu hapa.

Nimemwita mtu wa bara. Neno hilo nimelisikia kwa watu wazima maisha yangu yote, kwenye foleni, madukani, wakilitamka bila hata kufikiri. Leo nimelitupa kama jiwe, na lilimpata mtu ambaye mkono wake umo ndani ya mkeka wa Bibi yangu.

Mwende, najua unasoma. Wewe ndiye uliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni na kunichagulia rangi yake. Nisamehe. Ningependa kuandika kwamba wivu umekwisha, lakini nimeahidi kusema yote: haujakwisha. Nikiuona ule mkeka bado roho inanichoma. Pengine itakuwa hivyo kwa muda.

Ukili wako nimeufumua mpaka pale nilipoharibu, nikaishia kwenye mkunjo wako wa mwisho. Nimeufunika kwa kitambaa kibichi miyaa isikauke. Hakuna atakayeugusa. Bibi anasema mkeka hauwezi kuendelea bila wewe, na mimi, umeona mwenyewe, siwezi kukushikia zamu. Kesho njoo ukae kulia kwake. Mimi nitakuwa pale pangu, mbele.

Ila kuna jambo moja nataka unijibu leo leo, kabla hujalala, hapa chini au kwa simu, maana tangu mchana linanizunguka kichwani. Miezi yote hii uliyokaa ubavuni pa Bibi, bega kwa bega, je, uso wake unauona?