Adabu Iliyotuponza

Cnoc na Sceach,
Donegal.
9 Machi 2019

Mpendwa kaka Fiachra,

U hali gani huko Boston, na goti lako limepona? Sisi tu wazima, ila tangu Krismasi mvua haijatupa nafasi hata ya kuanika shuka. Kifua kinanisumbua kidogo, lakini kinachoniumiza zaidi ni hasira, na nisipokuandikia wewe nitapasuka.

Unamkumbuka Nóirín, binti wa marehemu Peadar? Miaka sita sasa serikali inamlipa aje shuleni kwetu kuongea Kiayalandi na watoto, hasa wale ambao nyumbani hawakisikii. Anacheza nao, anawasimulia, anawakemea, yote kwa lugha yetu. Mjukuu wangu Muireann alipohamia hapa kutoka Dublin hakujua hata neno. Siku hizi anaongea usingizini kwa Kiayalandi.

Basi Januari akaja mkaguzi kutoka wizarani kuona kama fedha hizo zina faida. Kijana mpole, koti zuri, lakini Kiayalandi chake ni cha vitabuni, kinamtoka neno mojamoja. Unajua tulivyolelewa: mgeni haachwi ahangaike. Mimi ndiye niliyekuwa nikigawa chai shuleni siku hiyo, na mimi ndiye niliyeanza. Nilimuuliza kwa Kiingereza kama anatia maziwa. Watoto walipoona bibi kabadilisha, nao wakabadilisha. Hadi anaondoka hakusikia Kiayalandi chochote isipokuwa kwaheri.

Barua yao ilifika mwezi uliopita. Eti watoto wetu hawaitumii lugha, kwa hiyo fedha zinakoma Juni. Nóirín ameshaomba kazi kwenye hoteli moja Galway. Na serikali hiyohiyo haichoki kutubandikia mabango ya kuisifu lugha yetu! Mtu mmoja tu wa kuiongea na watoto, imeshindwa kumlipa.

Nilimgombeza Muireann, nikamuuliza kwa nini hakumjibu yule bwana kwa Kiayalandi. Akanitazama, akasema:

"Bibi, si wewe uliyesema tusimtie mgeni aibu?"

Nikaenda kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

Tumekata rufaa, na mkaguzi atarudi Mei. Kila Jumamosi nawaketisha watoto jikoni, nawapa mkate na siagi, halafu najifanya mgeni. Nawasemesha kwa Kiingereza, nao wajibu kwa Kiayalandi tu, hata nikijifanya sielewi vipi. Inaniuma, kaka, kufundisha utovu wa adabu katika nyumba ya mama yetu. Mara ya kwanza Muireann alilia. Sasa ananikazia macho wala hatetereki.

Msalimie sana wifi Dolores na wanao. Shangazi Bairbre anakusalimu, bado anaidai ile picha ya harusi. Mungu akutunze na akurudishe salama.

Ukija Julai, njoo na Kiayalandi chako, hata kiwe kimeota kutu. Ukiwasemesha watoto kwa Kiingereza watakujibu kwa Kiayalandi tu, na dada yako hatakuokoa kama alivyomwokoa mkaguzi.

Akupendaye hata akinuna,
Sorcha