Mama Mdogo Ameacha Vidonge

Maman,

Siwezi kungoja Jumapili nije kaburini. Acha nikuandikie sasa hivi: Riziki, mdogo wako, amepona! Leo asubuhi daktari wake amempigia kutoka Kigali, akamwambia vipimo vyote ni safi, aache kumeza vidonge vya kansa. Hakuamini. Alinipa simu nisikilize mimi, akaenda kukaa mlangoni, akicheka na kulia kwa pamoja.

Ulituacha kabla ya korona, kwa hiyo hujui alivyougua. Titi la kushoto, Maman, kama lako. Walimpasua Kigali, wakamwanzishia dawa za dripu, mara barabara zikafungwa. Hakuna basi lililotoka Rusizi. Aliniambia, "Nitamufata yaya." Yaya, dada yake mkubwa, ni wewe.

Ndipo daktari akasema atamfuatilia kwa simu. Dripu angewekewa hospitali ya huku kwetu, dawa zikija na gari la afya, na yeye angemwona kwenye simu yangu, uso kwa uso. Unaijua Mururu yetu: nyumbani mtandao ulikatikakatika, tukawa tunapanda juu ya shamba, kwenye migomba, ziwa lote likiwa chini yetu. Siku ya kwanza Mama mdogo alivaa kitenge chake cha kanisani. Daktari alipomwomba amwonyeshe kovu, alinigeukia: "Muntu anavuaka nguo mbele ya simu?" Nikafunga shuka kati ya migomba miwili. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya polepole, alisubiri bila kumharakisha, hadi akafungua vifungo mwenyewe. Baadaye walizoeana hata wakawa wanaulizana habari za batoto.

Lakini kuna siku, baada ya dripu, alianza kutetemeka. Alidai ni baridi ya ziwa tu, akataka kulala. Nilipiga simu hata hivyo. Daktari alimtazama kidogo, akaniambia nimpime homa. Nilipomsomea, sauti yake ikabadilika: "Mpeleke sasa hivi. Mwili wake hauna nguvu ya kupigana." Gari la wagonjwa likaja, na daktari akabaki kwenye simu akiongea na madaktari wa huku mpaka dawa ikaanza kuingia mshipani. Nilisimama ukutani nikakuwaza wewe. Homa kama hiyo ilikukuta ndani ya basi, katikati ya msitu wa Nyungwe, na hatukuwa na daktari wa kumpigia.

Mama mdogo alirudi nyumbani, Maman. Alirudi kwa miguu yake! Dripu zilipoisha akaanzishiwa vidonge, na leo ameviacha.

Sasa hivi nyumba imejaa. Majirani wameleta samaki wetu wadogo wa ziwani, sambaza, na fanta, Mama mdogo anacheza uani, na mimi nimejificha chumbani kwako kukuandikia. Jambo moja sijamwambia mtu. Kabla ya kukata simu, daktari aliniuliza taratibu, "Na wewe, binti, ulipimwa lini?" Sijawahi. Niliogopa kusikia jina la ule ugonjwa likitajwa pamoja na langu.

Jumatatu nakwenda. Nitamwomba Mama mdogo anisindikize, na najua atakubali kabla sijamaliza kusema.

Pumzika, Maman. Wananiita nikacheze. Nakuahidi nitajitahidi kuzeeka.

Binti yako,
Furaha